Sibandui Kupe wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha shughuli nzito ukaja kushuhudia mzee akifukuzwa kwa heshima; Ndugu Mkurugenzi, bosi wangu hadi jioni ya leo, na kuanzia kesho kijana wa watu kama vijana wengine; wakuu wa idara, mliopangwa mstari wa mbele kwa ukubwa wa vyeo na, nikiwatazama vizuri, kwa ukubwa wa vitambi; mafundi wenzangu, mnaokalia maboksi kwa sababu viti vimewaishia wakubwa; mama watoto wangu na binti yangu, mliovaa mkapendeza kuliko shughuli yenyewe; mkwe wangu rubani, uliyewekwa meza kuu na kunyooka kama mtu aliyemeza mlingoti; na wewe Injinia mama, uliyeketi kule nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo: nawasalimu nyote. Aliyesahaulika ajisalimie mwenyewe, na wanaonidai shikamoo wasahau, maana kwa umri huu mimi ni wa kupokea tu.

Niliandikiwa hotuba. Ndugu mshereheshaji alinikabidhi asubuhi, imechapwa vizuri, na ndani yake nasema kwamba nina moyo mzito na furaha kubwa kwa wakati mmoja. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza hii iliyokuwa inayumba, na mnaona wenyewe imetulia. Sasa hiyo ndiyo hotuba iliyofanya kazi. Hii ya mdomo tutaona.

Nianze na la msingi, wazee hatuna muda wa kuzunguka. Ratiba mliyopewa mlangoni inasema kwamba nikimaliza kuongea nitaongozana na Mheshimiwa hadi kwenye bawa la kushoto la ndege hii iliyo nyuma yangu, nitambandua kupe wa mwisho, mtapiga makofi, ndege itakabidhiwa kwa rubani, na Jumamosi itaruka mbele ya wageni. Ratiba ni nzuri. Wino wake mzuri, karatasi yake nzuri. Ila mimi sibandui.

Naona mstari wa mbele mnatazamana. Msitazamane, nitazameni mimi, ndiye ninayestaafu.

Kwa wageni ambao hawajui kupe ni nani, nieleze. Wale wa shule wanamwita kipima mtikisiko, lakini katika hanga hili la kuundia ndege tunamwita kupe, kwa sababu ni mdogo, anang'ang'ania ngozi ya ndege, na kazi yake ni kunyonya. Hanyonyi damu, ananyonya habari. Unamgandisha kwenye bawa, unamfunga waya wake, waya unakwenda hadi kwenye meza ya injinia, na bawa likitikisika hata kama nywele ya mtoto, kupe anamwambia injinia: limekwenda juu, limerudi chini, limetetemeka hivi. Mkia una kupe wake, tumbo lina kupe wake, kila kiungo kina wake. Siku ya kazi ndege inaonekana kama ng'ombe aliyekosa kuogeshwa.

Na hatumbandiki kwenye ndege iliyosimama tu hivi hivi. Ndege tunaining'iniza kwa kamba nene za mpira, magurudumu hayagusi sakafu, ili idhani iko hewani. Ndiyo, tunaidanganya. Kisha tunaleta mashine yenye kijiti kirefu inayolisukuma bawa kidogo kidogo, pole pole, halafu haraka, halafu haraka zaidi. Hiyo tunaiita Mchokozi. Mchokozi anachokoza, kupe wanasema, injinia anaandika. Na mimi je? Mimi ni mtu wa gundi. Shule niliiacha darasa la nne, au shule iliniacha, hadi leo hatujakubaliana. Nimefuta rangi ya ndege kwa kitambaa na spiriti, nimepaka gundi, nimebana kupe kwa dole gumba hadi akubali, nimegonga kwa ukucha ili aliye mezani aseme "nimemsikia", nikahamia kwa mwingine. Kazi hiyo nimeifanya tangu Mkurugenzi wetu akifungwa nepi. Sisemi kwa kumdharau. Sote tulifungwa nepi, ila wengine tulishafunguliwa.

Haya, kicheko kimekwisha? Tuendelee.

Mtauliza, usumbufu wote huo wa nini? Ndege si ina injini, ina mabawa, si iruke? Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kulala chini ya bati lililolegea? Upepo mdogo, bati kimya. Upepo mkubwa, bati linalia tu. Lakini upo upepo fulani, wala si mkubwa, ambao ukilipata bati linaanza kupapatika lenyewe, pa-pa-pa-pa, kila pigo linazaa pigo kubwa zaidi, na kabla hujashuka kitandani bati liko kwa jirani. Kila kitu duniani kina mdundo wake kinaoupenda. Bawa nalo lina wake. Ndege ikifika kwenye mwendo ambao upepo umelijua bawa mdundo wake, bawa litacheza, na bawa likikolewa na ngoma halimsikilizi rubani. Kazi yetu ni kuujua huo mdundo hapa chini, ndege ikiwa imening'inizwa salama, ili rubani aambiwe: mwendo huu usiuguse. Waswahili walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa hanga tunasema ukiona vyaruka, vimetikiswa.

Na ndege hii ni yetu, tumeiunda sisi, na mwaka huu imeongezewa matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Mtu aliyezoea kutembea mikono mitupu ukimpa ndoo mbili za maji, je, atatembea vile vile? Ndiyo maana ikaamuliwa itikiswe upya. Na ndiyo maana, katika mwili wote wa ndege hii, mahali pa kusikiliza kuliko pote ni penye ncha za mabawa.

Sasa nimsifu Mheshimiwa.

Mheshimiwa, siku ile ulipokuja kufungua rasmi kazi ya kuitikisa ndege, mimi ndiye niliyekushikia ngazi. Wengi hawalijui hilo, kwa sababu kwenye picha nimekatwa, limebaki sikio. Uliombwa ubandike kupe wa kwanza, kama wenzako wanavyowekaga jiwe la msingi. Ukachaguliwa mahali penye heshima, ncha ya bawa la kushoto, inapoonekana vizuri na wapiga picha. Na kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, Mkurugenzi alikuwa ameagiza ndege ipakwe nta mwili mzima, ing'ae. Iling'aa kweli. Ungeweza kunyolea ndevu kwenye ubavu wake. Nikakunyooshea kitambaa chenye spiriti nikasema, "Mheshimiwa, futa kwanza hapo, nta haipatani na gundi." Mkurugenzi akaninyang'anya kitambaa. "Mzee, utamchafua Mheshimiwa mikono!"

Mikono yako haikuchafuka, Mheshimiwa. Ulichukua gundi ukaipaka juu ya nta kwa ukarimu mkubwa, kama mama anayempakia siagi mwanawe wa pekee. Nimefanya kazi na wachoyo wengi wa gundi. Wewe si mmoja wao. Ukambandika kupe, watu wakapiga makofi, wa kwanza kupiga akiwa Mkurugenzi, na kupe akazungushiwa utepe mwekundu. Kisha likatoka agizo: kupe wa Mheshimiwa asiguswe. Hata vumbi lake lisifutwe.

Tukamwacha na utepe wake. Tukafuta nta kila mahali pengine, tukabandika wenzake. Injinia mama akakaa mezani, akawasha Mchokozi. Kupe wote wakaimba wimbo mmoja, wa bawa la kulia, wa mkia, wa tumbo, huyu sauti ya juu, huyu ya chini, lakini wimbo mmoja. Isipokuwa kupe wa Mheshimiwa. Huyo alikuwa na mambo yake. Bawa likienda pole yeye anaruka, bawa likiruka yeye amezubaa. Injinia akatazama kioo chake muda mrefu, akaniita.

"Mzee Gundi, njoo uone. Huyu ana wazimu?"

"Mama, mimi michoro hii naiona kama nyoka tu. Wewe waonaje?"

"Naona mambo mawili. Ama kupe hakushika na anacheza peke yake, ama bawa la kushoto ndilo linalocheza hivi."

"Lipi?"

"Sijui," akasema. "Na huko kutojua ndiko kunakonitisha."

Nataka mlishike hilo, wageni waalikwa. Mwanamke yule amesoma hadi vitabu vimemchoka yeye. Cheti chake kimoja kikiwekwa kwenye mizani na shule yangu yote, mimi naruka hewani. Na neno la maana kuliko yote aliyowahi kuyasema katika hanga hili ni "sijui". Ni wangapi humu ndani wenye ujasiri wa kulitamka mbele ya bosi? Nyanyueni mikono. Ahaa. Mmoja, na ni mpishi wa kantini.

Akaenda kwa Mkurugenzi. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kopo la spiriti kama shahidi. Akaomba kitu kidogo: kupe yule abanduliwe, pafutwe, abandikwe upya, bawa litikiswe tena. Kazi ya asubuhi moja, na chai inanywewa katikati.

Mkurugenzi akasema, "Kupe wa Mheshimiwa haguswi. Atabanduliwa siku ya sherehe, awekwe kwenye kabati la kioo."

"Basi tubandike mwingine pembeni yake."

"Tarehe imeshatangazwa, mama. Mashine zimeshafungwa kwenye maboksi. Bawa la kulia si limejibu vizuri? Chukua jibu lake, liandikie la kushoto. Mabawa si pacha?"

Injinia akamtazama. "Bosi, wewe una pacha nyumbani."

"Ninao, tena wanafanana kama shilingi."

"Mmoja akipata homa, unampeleka mwenzake kupimwa?"

Mafundi, mlicheka siku ile mkajificha nyuma ya mkia. Chekeni leo hadharani, mimi nawakinga.

Mkurugenzi hakucheka. Injinia alikataa kutia sahihi kwamba ndege imepimwa, na haikuchukua muda akahamishiwa stoo, ambako mpaka leo anahesabu bolti. Bolti zetu sasa ndizo zinazolindwa na msomi mkubwa kuliko bolti zozote ulimwenguni. Sahihi ikatiwa na Mkurugenzi mwenyewe, "kwa niaba". Nimejiuliza sana, kwa niaba ya nani? Ya bawa? Bawa lilimtuma lini?

Na mimi niliposimama kwenye kikao nikasema namuunga mkono Injinia mama, siku hiyo hiyo ikagunduliwa kwamba nimezeeka. Uzee wangu ulikuwepo miaka yote, unakohoa hapa hapa hangani, hakuna aliyeusikia. Nilipofungua mdomo ndipo wakaona mvi. Wakasema, mzee apumzike, mzee afanyiwe sherehe, mzee apewe heshima ya kumbandua kupe wa mwisho.

Hapa nieleze mila zetu, ili mgeni asidhani nakataa kwa ubishi tu. Ubishi upo, ila una mguu wa kusimamia. Katika hanga hili, ndege haiondoki mikononi mwetu mpaka kupe wa mwisho atoke. Akitoka, tumesema: tumeisikiliza yote, tumeridhika, chukueni. Hatutoi hati nyingine. Kumbandua ndiyo kauli yetu. Anayestaafu hupewa heshima hiyo. Basi leo nikipanda ngazi ile nikambandua kupe wa Mheshimiwa, nitakuwa nimemwambia rubani: tumelisikiliza bawa la kushoto. Hatujalisikiliza! Nimwambie uongo kwa kidole, mbele ya mke wake?

Na rubani ni nani? Rubani ni huyu hapa, amemwoa binti yangu. Ninyi mnamjua kwa kofia na miwani, mimi namjua kwa namna anavyomfunga mwanawe kamba za viatu, akifunga, akifungua, akifunga tena, mpaka mtoto anamwambia "Baba, tutachelewa." Wiki hii alikuja nyumbani. Chakula kikawekwa, akakichezea kwa kijiko. Binti yangu akanifuata jikoni.

"Baba, mwambie asiirushe."

"Mwambie wewe, ni mume wako."

"Nikimwambia mimi atasema namtia hofu. Wewe ni mzee wake."

"Mimi ni mtu wa gundi, mwanangu. Rubani anamsikiliza mtu wa gundi?"

"Basi mpake hiyo gundi, asitoke nyumbani!"

Nikatoka nikakaa naye kibarazani. Tukazungumza habari za mvua, za mpira, za bei ya saruji. Wakwe wawili wakitaka kusema jambo zito, kwanza lazima saruji ipande bei. Mwisho akaniuliza, "Baba, Injinia mama alisemaje hasa?"

"Alisema hajui."

"Na Mkurugenzi?"

"Mkurugenzi anajua."

Kisha akasema, "Rubani akiikataa ndege, baba, kuna mwingine nyuma yake ananyoosha mkono. Na jina linalobaki kwa aliyekataa ni moja tu: mwoga."

Sikilizeni vizuri. Hakusema anaogopa. Kijana huyu hajasema hata mara moja kwamba anaogopa, wala msiende kumsingizia huko nje. Anayeogopa ni mimi. Naogopa! Nimelisema kwenye kipaza sauti, tena hiki cha kukodi chenye mwangwi, wakasikia hadi wa getini. Naogopa bawa ambalo halikusikilizwa. Naogopa Jumamosi. Naogopa kumtazama mjukuu wangu anayejua kamba zake za viatu zimefungwa na nani. Waliotutangulia walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi mimi ni mwoga, nakitaka kicheko, nikipeleke nyumbani kwa binti yangu kikakae siku zote. Nichekeni! Mkurugenzi, anza wewe, kwenye makofi ulikuwa wa kwanza.

Hachelewi kunionyesha saa. Ndugu Mkurugenzi, saa naiona, ila mwenye macho mabovu kama mimi haoni mishale. Na wewe mshereheshaji, naona unanijia na maua. Rudi nayo. Maua ya nini, kwani nimelala chini?

Nasikia mstari wa mbele mtu ananong'ona, "Mzee amelewa." Ndugu yangu, ingekuwa nimelewa ningeisoma ile hotuba ya kuchapwa. Mwingine anasema nitaadhibiwa. Haya, tulitazame hilo kwa utulivu. Mtanifukuza kazi? Mmechelewa, mmeshanifukuza, na viti mmekodi. Mtaninyima zawadi? Zawadi ni kile kiti cha kuegemea nilichokiona kimefunikwa shuka pale pembeni, miguu inachungulia. Nakipokea kwa mikono miwili. Ila siendi nacho nyumbani. Nitakiweka chini ya bawa la kushoto, nitakiegemeza, na nitaanza kustaafu hapo hapo. Anayetaka kuivuta ndege hii kabla bawa halijatikiswa atavuta na mzee mmoja na kiti chake. Mnadhani natania? Muulizeni mama watoto kama nikishakaa huwa nainuka.

Lakini Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na wewe, na naomba unisikilize kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima. Kosa si lako. Uliambiwa bandika, ukabandika. Hakuna aliyezaliwa anajua kwamba nta haipatani na gundi. Kosa ni la waliojua na wakapiga makofi. Ulipewa kupe kama mtoto anavyopewa usukani wa gari lililozimwa, afurahi, apigwe picha. Kisha gari likawashwa na hakuna aliyekwambia toka. Je, hiyo ni heshima? Mimi naiita dharau iliyofungwa utepe. Nilipokunyooshea kitambaa ndipo nilipokuheshimu, kwa sababu nilidhani unaweza kazi.

Bado nadhani unaweza.

Tunayo mila nyingine, kongwe kuliko ya kustaafu: aliyebandika ndiye anayebandua. Kupe wangu mimi hutoka kwa wembe, spiriti na matusi madogo madogo. Wa kwako, Mheshimiwa, sidhani kama atahitaji wembe. Huenda atahitaji kupigiwa chafya. Panda ngazi, mguse kwa kidole kimoja, mbele ya watu hawa wote, uone mwenyewe kama alikuwa analisikiliza bawa au alikuwa amekaa tu kwenye nta anapunga upepo. Akikushinda kumtoa, mimi nitaomba radhi kwa magoti, hapa hapa, na magoti yangu yakishuka hupandishwa na watu wawili. Akitoka kama ganda la karanga, basi shika kitambaa, futa nta, bandika upya kama fundi, na Injinia mama arudi mezani kwake, Mchokozi atolewe kwenye boksi, bawa litikiswe. Likiwa zima, ndege itaruka na mimi nitakuwa wa kwanza kuitikia vigelegele vya mke wangu. Likiwa gonjwa, tutalitibu likiwa chini. Sherehe ya Jumamosi itaumia? Viti vya kukodi hurudishwa, Mheshimiwa. Watu hawarudishwi.

Ndilo ombi langu. Silielekezi kwa Mkurugenzi, maana yeye anajua. Nalielekeza kwa...

Subirini. Mkwe wangu ameinuka.

Mkwe, unakwenda wapi? Kama ni msalani ni mlango ule wa kulia. Ameacha kofia mezani. Mkurugenzi, mwachie mkono, mtu mzima huyo. Mpisheni, mafundi, vuteni hizo nyaya asijikwae. Anapita chini ya bawa. Hakulitazama. Anakwenda nyuma... anakwenda kule stoo. Injinia mama, sogea, mpe nafasi. Hakuna kiti? Basi, kaeni boksi moja, bolti zitawavumilia.

Amesema nini? Ninyi mlio karibu, amemwambia nini? Semeni kwa sauti, masikio yangu yamekula kelele za injini maisha yote. Eti?

"Ukitia sahihi wewe, naruka."

Mmesikia? Wa mbele, mmesikia, au niwarudishie? Hakusema anaogopa. Hakukataa ndege. Amesema sahihi ya yule, basi. Na kama kuna rubani mwingine nyuma yake ananyoosha mkono, aunyooshe sasa hivi tumwone, tujue na mkewe yuko wapi tukazungumze naye. Hakuna? Hakuna.

Binti yangu, kaa chini, utaangusha soda za watu. Tutakumbatiana baadaye.

Nimemaliza. Nawashukuru mafundi, ambao mmeinuka wote bila kuambiwa na naona mmoja ameshalibeba kopo la spiriti. Nawashukuru wakuu wa idara kwa kunivumilia, na wasionivumilia nawashukuru kwa kukosa njia ya kutokea. Nakushukuru Ndugu Mkurugenzi kwa sherehe. Nilihofia itakuwa ya kuchosha. Asanteni nyote kwa kunikopesha masikio. Mheshimiwa, naona umeanza kufungua vifungo vya koti. Mpe Mkurugenzi akushikie. Ngazi iko upande huu, na safari hii nitaishika mimi, picha wapige wakitaka.